Kunyoosha meno si kubadili maumbile



Ndugu Waislamu, makala hii naianza kwa kukiri kosa. Miaka miwili iliyopita shemeji yangu aliyeko Same aliniuliza kama inajuzu kumpeleka binti yake kwa daktari wa meno akafungwe nyaya. Meno ya juu ya binti huyo yametoka nje kiasi kwamba midomo haifungiki. Nami, bila ya kurejea kitabuni wala kuuliza mwenye elimu, nikamjibu: haramu, huko ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Shemeji akaacha.

Hivi karibuni nilikwenda Same. Binti sasa ana miaka 14. Aliniamkia "Shikamoo mjomba" huku ameziba mdomo kwa ushungi. Mama yake akaniambia kuwa hata madrasa ameacha kusoma kwa sauti, maana wenziwe humcheka. Niliporudi nikatafuta nilichopaswa kukitafuta tangu awali.

Ni kweli ipo hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.), katika Bukhari na Muslim, inayowataja miongoni mwa waliolaaniwa wanawake wanaotengeneza mwanya katika meno kwa ajili ya urembo. Tuyazingatie maneno hayo ya mwisho. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akiisherehesha Sahihi Muslim anaeleza kuwa kilichoharamishwa ni kufanya hivyo kwa kutafuta uzuri. Ama anayehitaji kwa tiba au kwa kuondoa kasoro ya jino, hapana ubaya.

Vilevile Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua vitani zama za Jahiliya. Aliweka pua ya fedha, ikanuka. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi anayechonga meno yaliyo sawa ili apate mwanya ana hukumu yake, na mtoto asiyeweza kufunga mdomo ana hukumu yake. Mimi niliwachanganya.

Na tiba yenyewe ikoje? Vibati vidogo hugandishwa kwenye meno, kisha waya hupitishwa na kuyasukuma polepole. Mfupa huliwa upande ule jino linakoelekea, na hujengeka upande linakotoka. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kisha huvaliwa kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi. Faida si sura tu. Meno yaliyotokeza mbele huvunjika upesi mtoto akianguka, na yaliyopandana husafishika kwa shida, nasi tuna Sunna ya mswaki.

Sisi Wapare tuna sababu zaidi ya kuogopa kumhukumu mtu kwa meno yake. Wazee walijua habari za kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza akahesabiwa mkosi. Huko Mbaga, Upare ya Kusini, lipo jiwe la Malameni, ambako inasimuliwa kuwa watoto walioaminiwa kuwa na mikosi walitupwa hadi miaka ya 1930. Uislamu umekataza kuua watoto na kuamini mikosi. Sisemi kumnyima mtoto tiba ni sawa na hayo. Nasema tusimwache mtoto abebe mzigo kwa jambo ambalo dini haikumtwisha.

Gharama si ndogo, na asiye na haja asiingie katika israfu kwa kuiga fasheni. Lakini mwenye haja amwone daktari mapema. Hata mtu mzima hutibika, ila mtoto anayekua hutibika kwa wepesi zaidi.

Nimempigia shemeji simu na kumwomba radhi, yeye na binti yake. Hakunilaumu. Alisema tu: "Leo angekuwa amemaliza." Ndugu zangu, tukiulizwa tusilolijua, tuseme Allah ndiye ajuaye, kisha tukaulize.

Wabillahi tawfiq.