Kabla Hujashika Bisibisi: Kulirudishia Gari la Zamani Namba Zake

Kwetu Nanyamba, mkoani Mtwara, gari halitupwi. Likigoma, au mwenye nalo akiishiwa, au Mungu akimchukua, vijana wanalisukuma hadi chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Kuku wanataga kwenye kiti, watoto wanacheza dereva na konda, miaka inapita. Kisha unaingia msimu ambao mnada wa korosho umekwenda vizuri, malipo yamefika, na mtu mmoja katika ukoo anasema: lile gari tulifufue.

Nimeshiriki ufufuaji wa namna hiyo mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Hilux ya marehemu mjomba wangu, ya dizeli, iliyokaa chini ya mti hadi mlango mmoja ukaota kutu kama gamba la mwembe. Injini iliamka siku ya pili. Namba zilituchukua wiki kadhaa. Kibao cha mbele kilikuwa kimepotea kabisa, cha nyuma kimekunjika na rangi ya tarakimu mbili imebabuka. Fundi alituambia tusihangaike, yupo kijana anayeandika mabango ya maduka, atatuchorea kibao kizuri kwa nusu saa.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na wengi wao si wahalifu. Wanafikiri kwamba maadamu tarakimu ni za gari lao, kibao ni halali. Sivyo. Namba za usajili zinatolewa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, na kibao chenyewe hutengenezwa na mtengenezaji aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Kilichochorwa kwa brashi, kilichochapwa kwenye stika, au zile pleti za 3D zenye herufi zilizovimba ambazo vijana wa mjini wanazipenda, vyote ni matatizo unayoyafunga kwenye bampa kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo weka bisibisi chini. Anza na chesisi.

Kwenye Hilux, Land Cruiser na Toyota nyingine za fremu, namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha fremu upande wa kulia, jirani na gurudumu la mbele. Kwenye gari la kukaa hutaiona. Utaona tope gumu na kutu. Lowesha kwa mafuta ya taa, acha usiku kucha, asubuhi sugua taratibu kwa brashi ya waya ya mkono. Usimruhusu fundi aweke grenda hapo hata kwa sekunde moja. Tarakimu zile hazina kina kirefu, na zikishafutika gari lako linafanana na la wizi mbele ya mkaguzi yeyote, hata ukimletea wazee kumi wa kijiji watoe ushahidi. Pakishakuwa safi na pakavu, paka chaki kavu ya shule juu ya namba, kisha futa kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na namba inajitokeza nyeupe. Sisi tulifanya hivyo baada ya kubishana nusu siku. Kabla ya chaki tuliisoma 8, baada ya chaki ikawa 3, na kadi ya gari nayo ilisema 3. Tungeandika ile 8 kwenye fomu, tungeanza safari nyingine kabisa.

Soma na namba ya injini pia. Magari mengi ya huku yamebadilishwa injini angalau mara moja, na si kila mwenye gari alikwenda kutoa taarifa. Kama injini iliyopo siyo iliyoandikwa kwenye kadi, au gari lilikuwa bluu sasa ni jeupe, hilo nalo linapelekwa TRA lirekebishwe. Lipeleke mwenyewe kabla hujaulizwa barabarani.

Sasa suala la mwenye gari. Hili ndilo zito kuliko yote, na kwetu Wamakonde lina uzito wake wa pekee. Kwa mila ya umama mpwa anajiona ana haki na mali ya mjomba. Watoto wa marehemu nao wanajiona wana haki na mali ya baba yao. Na kadi bado ina jina la aliye kaburini. Mkutano wa ukoo ni jambo jema na lisirukwe, lakini muhtasari wa ukoo peke yake hauhamishi gari. Inabidi mtu mmoja aombe mahakamani kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na kwa familia nyingi njia hiyo inaanzia Mahakama ya Mwanzo. Yeye ndiye atakayesaini uhamisho wa umiliki. Sisi tulikaa na watoto wa mjomba, tukakubaliana binti yake mkubwa awe msimamizi, na mimi mpwa nikabaki dereva na mlipaji wa spea. Nasema hili kwa sababu nimeona ndugu wakikosana juu ya gari ambalo halikuwa na thamani ya ng'ombe wawili.

Ikiwa gari ulilinunua kwa mtu aliye hai lakini hamkuhamisha, mtafute sasa, kabla hajahamia Masasi au Dar es Salaam na kubadilisha laini ya simu. Mkataba wa mauziano, kadi halisi, TIN zenu na vitambulisho vya NIDA viwe mkononi siku mnapokwenda.

Kuna hofu moja naomba niiondoe. Wazee wengi wanaogopa kulipeleka gari TRA wakiamini kuna deni la "road licence" la miaka yote liliyolala. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, serikali ikaihamishia kwenye mafuta, na malimbikizo ya nyuma yakasamehewa. Usiliache gari lioze kwa deni ambalo halipo. Kinachoweza kuwepo ni faini za barabarani. Hizo zinaifuata namba ya gari, na polisi wana mfumo wa kuziangalia mtandaoni kwa kuandika namba hiyo tu. Angalia mapema. Ukikuta notisi ya shilingi 30,000 kutoka mji ambao gari lako halijawahi kukanyaga, huenda kuna mtu anatembelea namba yako. Katoe taarifa polisi kabla ya jambo jingine lolote.

Kibao kilichopotea kinaanzia polisi vilevile: unachukua ripoti ya upotevu, unakwenda nayo TRA pamoja na kadi, na kibali kikitoka ndipo unakwenda kwa mtengenezaji. Kwa mtu wa Nanyamba safari hiyo ni ya Mtwara mjini. Piga picha chesisi, injini, kibao kilichobaki na gari zima pande nne, uwe nazo kwenye simu. Ukiulizwa kitu usilazimike kurudi kijijini kukiangalia.

Namba utakayopewa ni ileile. Watu wananiuliza kama gari la zamani linaweza kupewa namba mpya ili lionekane la juzi, maana mjini siku hizi gari linatajwa kwa herufi yake: namba C, namba D, na sasa tumefika namba E. Namba huzaliwa na gari na kubaki nalo hata likibadilisha wenye nalo watano. Kama la mjomba wako ni namba A, tembea na namba A yako kifua mbele. Na kama kibao ulichokikuta ni cha mfumo wa kale, kabla ya huu wa T, tarakimu tatu na herufi tatu, usichonge kipya cha namba hiyo. Kaulize kwanza usajili wake umesimama wapi.

Rangi nayo inasema kitu. Njano yenye maandishi meusi ni gari binafsi. Nyeupe yenye maandishi meusi ni la biashara. Pick-up ya mjomba ilikuwa na njano, na binamu zangu walikuwa wameshapanga kubebea watu korosho kwa malipo msimu ukianza. Kazi hiyo ni biashara. Inataka matumizi ya gari yabadilishwe kwenye usajili, vibao vya njano virudishwe, na leseni ya mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Amueni hilo kabla ya kulipia pleti, msije mkalipa mara mbili.

Vibao vikishafika, sasa shika bisibisi. Pamoja nayo utahitaji spana namba 10, maana bolti za M6 ndizo zinazotumika kwenye sehemu za pleti za magari mengi ya Japani. Huko Japani kibao kina upana wa milimita 330 na urefu wa 165, na matundu yake yameachana milimita 210. Chetu kirefu hakikai sawasawa kwenye nafasi hiyo, ndiyo maana mafundi wanatoboa upya. Kutoboa si vibaya. Kibaya ni kutoboa katikati ya tarakimu. Bolti nyeusi ikikaa kwenye 1 au kwenye tundu la 6, namba inasomeka vingine. Pima kwanza kwa kalamu, toboa kwenye ukingo mtupu wa kibao, weka kipande cha mbao nyuma ili bati lisipinde, kisha lainisha tundu kwa msasa. Bampa uliyoitoboa nayo paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu kabla ya kufunga.

Na hapa mtu wa Nanyamba ana adui ambaye mtu wa Dodoma hamjui. Kuanzia karibu Mei tunapuliza salfa kupambana na ubwiriunga wa mikorosho. Unga ule wa njano haubaki shambani. Unaingia kwenye kila ufa wa gari lililopita njia ya mashamba, na ukikutana na unyevu unakula chuma polepole. Ukiongeza safari za kushuka Msimbati au kwenda Kilambo, kwenye upepo wa chumvi na mikoko ya Ruvuma, bolti ya kawaida inageuka ugoro ndani ya misimu michache na kibao kinadondoka njiani bila wewe kusikia. Tumia bolti zisizoshika kutu. Ukizikosa, chukua za mabati, zipake grisi, na katikati ya bolti na kibao weka washa ya mpira. Mimi nakata za tyubu ya baiskeli, na nyuma ya kibao naweka vipande vya soli ya ndala iliyokwisha, kimoja kila kona. Bati halikutani na chuma cha bampa, halipigi kelele kwenye rasta, wala vumbi letu jekundu haligandi nyuma yake. Ukiogopa wizi, ribiti ni imara zaidi ya bolti, ila ujue siku ya kukiondoa utaikata.

Kisha taa. Taa ya pleti ya nyuma ni kitu kidogo sana, balbu ya wati 5, na kwenye gari la kukaa karibu kila mara imekufa. Usikimbilie kununua balbu. Mara nyingi balbu ni nzima ila waya wa ethi umeoza pale unapogusa bodi. Kwangura hadi uone chuma king'aavyo, rudisha skrubu yake, washa taa ndogo. Kwenye ile Hilux ilitosha hivyo hivyo. Iwe nyeupe, zile za bluu na zambarau zinafanya herufi zisisomeke.

Usifunike pleti kwa plastiki nyeusi. Usiiweke nyuma ya ngao ya chuma inayokata tarakimu mbili, wala kwenye fremu ya tangazo inayomeza ukingo wa chini. Wenye pick-up, sikilizeni hili: msimu wa korosho tunashusha mlango wa nyuma ili magunia yaongezeke, na kwenye magari mengi mlango ule ukishuka unaifunika pleti kabisa. Siku ya kwanza ya mzigo tulisimamishwa kabla ya kufika Mnivata.

"Shikamoo mzee. Namba yako ya nyuma iko wapi?"

"Marahaba afande. Ipo chini ya mlango."

"Mimi niliye nyuma nitaisomaje?"

Hakutuandikia, alitushushisha magunia manne na kutufungisha mlango. Alikuwa na haki. Tuliporudi nyumbani tuliihamishia pleti upande wa kushoto wa bampa, chini ya taa ya nyuma, na taa yake ndogo tukaifuatisha kwa waya mpya.

Ukimaliza, subiri giza. Washa taa ndogo, mwambie mtoto anayejua kusoma asimame hatua ishirini nyuma ya gari akutajie namba kwa sauti, nawe umeshika kadi mkononi ukifuatilia herufi moja baada ya moja. Kwetu, usiku tulipofunga vibao kwa mara ya kwanza, kabla ya mzigo wowote, binti wa mjomba ndiye aliyeshika kadi. Aliposikia herufi ya mwisho alikwenda kuigusa pleti kwa kiganja, akasema kesho tukaulizie bima.