Kuchagua Programu ya Kuhariri Picha: Yanayopaswa Kupimwa Kabla ya Kulipa

Mlaji anaponunua kamera huishika, huigeuza na kuijaribu dukani. Programu ya kuhariri picha haishikiki, na ni rahisi kuilipia kwa kugusa kitufe kimoja huku masharti yake yakiwa hayajasomwa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuitengea somo lake. Hatutamtajia msomaji programu iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa haipo. Tutaeleza mambo ambayo tungeyapima sisi wenyewe kama fedha zingetoka mfukoni mwetu.

La kwanza ni kazi yenyewe. Anayepiga picha za familia kwa simu, na anayetaka tu kuongeza mwanga, kunyoosha picha iliyopinda na kukata kingo, hana haja ya kulipa chochote. Snapseed, iliyo mikononi mwa Google tangu mwaka 2012, hufanya hayo yote bila malipo, na hata programu ya picha inayokuja na simu huweza kutosha. Tunalisema hili mapema ili msomaji wa namna hiyo afunge kijitabu hapa akiwa na fedha zake.

Hali ni tofauti kwa mtu anayepiga picha za harusi, za bidhaa au za matukio kwa kamera. Kamera nyingi za aina hiyo huweza kuhifadhi picha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni JPEG, ambayo kamera huwa imekwisha kuamua rangi na mwanga, na kila rangi ya msingi hubaki na ngazi 256 tu. Njia ya pili ni faili ghafi, liitwalo RAW, ambalo huhifadhi yote yaliyopokelewa na kamera. Kwa kamera ya biti 14, ngazi hizo hufikia 16,384. Tofauti hii huonekana kwenye shela la bibi harusi aliyepigwa picha juani saa sita mchana. Katika JPEG nakshi za kitambaa hupotea katika weupe, ilhali katika faili ghafi sehemu yake huweza kurudishwa. Weupe uliozidi kabisa haurudishwi na programu yoyote, hata iwe ya bei gani, na mwuzaji anayeahidi vinginevyo asisikilizwe.

Sasa, kila mtengenezaji ana aina yake ya faili ghafi: Canon hutumia CR3 katika kamera zake za karibuni, Nikon hutumia NEF, na Sony hutumia ARW. Programu iliyotoka kabla ya kamera huenda isilifungue faili lake. Hivyo mlaji aliyenunua leseni ya kudumu miaka kadhaa iliyopita, kisha akanunua kamera mpya, anaweza kujikuta akilazimika kununua upya. Kabla ya kulipa, itafutwe orodha ya kamera zinazokubaliwa na programu husika, na jina kamili la kamera lionekane humo. Aidha, watengenezaji hao watatu hutoa programu zao za kufungua faili ghafi bila malipo ya ziada. Si nyepesi kutumia, lakini zimekwisha kulipiwa ndani ya bei ya kamera.

Tukija kwenye malipo, hapa ndipo tunapomwomba msomaji asome taratibu. Zamani programu ilinunuliwa mara moja. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe, yenye Photoshop, ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kuu yatapatikana kwa malipo ya vipindi, na kampuni nyingine kadhaa zikafuata mkondo huo. Malipo ya mwezi huonekana madogo, lakini yanapaswa kuzidishwa kwa 12, kisha kwa miaka ambayo mtu anatarajia kufanya kazi. Ikiwa bei imetajwa kwa dola, gharama kwa shilingi hubadilika kadiri thamani ya fedha inavyobadilika, hata pale ambapo kampuni haikupandisha bei.

Lipo jambo jingine linalofichika zaidi. Mpango unaoitwa wa mwezi unaweza kuwa mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo. Mnamo Juni 2024 Serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba haikuwaeleza wateja waziwazi kuhusu ada ya kujitoa mapema katika mpango wa namna hiyo. Ada yenyewe ilikuwa nusu ya malipo yaliyosalia. Tuchukue mfano wa mpango wa shilingi 30,000 kwa mwezi. Anayejitoa baada ya miezi minne amebakiza miezi minane, yaani shilingi 240,000. Nusu yake ni shilingi 120,000, kwa programu ambayo hataitumia tena. Kwa hiyo maneno mawili yatafutwe katika ukurasa wa malipo: muda wa mkataba, na gharama ya kujitoa. Yasipoonekana, malipo yasubiri. Vilevile, kipindi cha majaribio kinachodai namba ya kadi mwanzoni kwa kawaida hugeuka kuwa malipo siku kinapokwisha. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda siku ileile ya kujiunga.

Je, kazi iliyokwisha kufanyika itakuwaje mtu akiacha kulipa? Programu nyingi za faili ghafi hazibadilishi picha ya asili. Huandika maelekezo pembeni, na maelekezo hayo hueleweka vema na programu iliyoyaandika tu. Aliyeacha kulipia Lightroom Classic bado huweza kuona picha zake na kutoa nakala, lakini sehemu ya kuhariri hufungwa. Ushauri wetu ni kutoa nakala kamili za picha zilizokamilika, katika TIFF au JPEG ya ubora wa juu, kabla ya kusitisha malipo.

Wanaotaka kuepuka malipo wanayo njia halali. GIMP, iliyoanza kupatikana mwaka 1996, na darktable, iliyotoka mwaka 2009, ni programu huria zisizolipiwa. Ya kwanza hufaa kwa kuunganisha picha na kufuta dosari. Ya pili hufaa kwa faili ghafi. Ni ngumu kwa mgeni, nasi tulihitaji siku kadhaa kuizoea darktable. Programu zilizochakachuliwa, zinazouzwa kwenye flashi kwa bei ya chakula cha mchana, ni jambo jingine kabisa. Mbali na kukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, huweza kubeba virusi, na aliyeuziwa hana pa kudai.

Suala la hifadhi tulipitie kwa ufupi. Picha 1,500 za harusi, kila faili likiwa na MB 25, ni zaidi ya GB 37, wakati akaunti ya Google isiyolipiwa hutoa GB 15 tu. Programu inayopeleka kila picha mtandaoni itakula pia kifurushi cha intaneti. Tena nyuso hizo ni za wateja, na taarifa zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuzipakia mahali pasipojulikana si uamuzi wa mpiga picha peke yake.

Mlaji anayejitoa ahifadhi barua pepe ya uthibitisho, kisha akague taarifa ya benki ya mwezi unaofuata na wa pili yake. Akikatwa tena, aiandikie kampuni kwanza akiambatisha uthibitisho huo, na aitaarifu benki yake siku hiyohiyo ili malipo yanayofuata yazuiwe. Barua isipojibiwa, nakala zake zote ziambatishwe na malalamiko atakayotuletea.