RIDHAA PEKE YAKE HAIJENGI NYUMBA

Wako watu siku hizi, hasa Ulaya na Marekani, wasemao kwamba mume na mke wakikubaliana kila mmoja awe na wapenzi wengine, hapana dhambi wala madhara, maadamu hakuna aliyedanganywa. Mwaka 2020 baraza la mji wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, lilikubali kuandikisha ushirika wa kinyumba wa watu zaidi ya wawili. Basi yafaa tuulize: Je, ridhaa yatosha kuwa msingi wa nyumba?

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1848 mhubiri wa Kikristo, John Humphrey Noyes, alianzisha jumuiya huko Oneida, katika jimbo la New York. Alishika habari iliyomo katika Injili ya Mathayo 22:30, kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi, akafasiri kuwa waliokamilika ni waume na wake wa wote. Wala mambo yao hayakuwa ya ovyo. Mali ilikuwa ya shirika. Mwanamume alipeleka ombi lake kwa kupitia mtu wa tatu, na mwanamke alikuwa na haki ya kukataa. Jumuiya ilifikia watu wapatao 300, ikadumu na desturi hiyo miaka 30 na zaidi.

Lakini tazameni yaliyowapata. Wawili waliopendana kwa upendo wa pekee walihesabiwa wakosaji, wakakemewa na wenzao na kutenganishwa. Watoto walilelewa katika nyumba ya pamoja, na mama aliyeonekana kumpenda mno mwanawe aliweza kuzuiwa asionane naye kwa muda. Kuanzia 1869 hata habari ya nani azae na nani iliamuliwa na wakuu. Hivyo waliokwepa kifungo cha ndoa waliangukia kifungo kizito zaidi. Juni 1879 Noyes, akiogopa kushtakiwa, alikimbilia Kanada. Agosti mwaka ule ule desturi ile ikaachwa, na wengi wao wakafunga ndoa, mume mmoja na mke mmoja. Maumbile yalidai haki yake.

Mpinzani atasema: "Mbona Islam nayo yaruhusu wake wengi?" Naam, yaruhusu, lakini msingi wake ni mwingine. Ruhusa hiyo, iliyomo katika Sura An-Nisaa (4:4), imetajwa pamoja na haki za mayatima, baada ya vita vya Uhud ambamo Waislamu wapatao 70 waliuawa na kuacha wajane na watoto. Na aya hiyo hiyo yaamuru kwamba mwenye kuchelea kutofanya uadilifu aoe mmoja tu. Kila mke ana mahari yake na matumizi yake, na kila mtoto anamjua baba yake. Tena Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., ameeleza kwamba mwanamke aweza kuweka sharti wakati wa nikaha kuwa mumewe asioe mke mwingine.

Basi hoja hii yatuhukumu sisi pia. Yuko Mwislamu ambaye hujisifu kuwa mkewe wa kwanza "amekubali", kumbe bibi huyo amenyamaza tu kwa kuwa hana pa kwenda. Halafu humwacha bila posho wala zamu, akawa kama kitu kilichotundikwa, jambo lililokatazwa waziwazi katika Sura hiyo hiyo (4:130). Mtume Mtukufu s.a.w. ameonya kwamba mwenye wake wawili akaelemea mmoja, atakuja Siku ya Kiyama upande wake mmoja umepinda. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 yampa mke njia ya kupinga, ikiwa uwezo wa mume ni mdogo na ndoa mpya yaelekea kumtia mashakani yeye na watoto wake.

Ndugu Waislamu! Ridhaa ni sharti la nikaha, lakini ni mlango tu. Nguzo za nyumba ni uadilifu na kumcha Mungu. Asiyeweza kuzisimamisha nguzo hizo kwa wawili, na atosheke na mmoja, naye amtendee wema.

Mwenyezi Mungu atujalie nyumba zenye utulivu na haki. Amin.