Rubisi Iliyogoma Siku ya Mahari

*Shangazi, nakuandikia kutoka Kamachumu, wilaya ya Muleba. Tata, baba yangu, amezeeka, akaniachia kazi ya kukamua ndizi. Binamu yangu aliyeko Sweden hupika bia nyumbani kwake ndani ya friji kuukuu lililofungwa kidhibiti joto, akanielekeza. Nikanunua friji la mtumba Bukoba mjini, nikatia madumu mawili ya lita 30, nikaseti nyuzi 18 kama alivyosema. Ilikuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya mahari ya dada yangu. Wageni walipofika baada ya siku mbili, madumuni mlikuwa bado na maji matamu ya ndizi. Tukakimbilia dukani kununua kreti za bia. Tata hajanigombeza, lakini tangu siku ile hazungumzi nami habari ya migomba, na obwato, mtumbwi wake wa kuchachishia, ameuhamishia nyuma ya nyumba. Niuze friji?*

Mwanangu, friji usiuze. Na ule obwato urudishe kivulini leo hii, maana mtumbwi wa mbao ukipigwa jua hupasuka, na mwingine wa umri ule huupati dukani.

Ukimya wa tata nauelewa. Kwetu Uhayani rubisi ndiyo hukata maneno. Binti akiposwa, kibanja kikiuzwa, waliotangulia wakikumbukwa, lazima kibuyu kiwepo, na kilichomo kiwe kimetoka kwenye migomba ya nyumba hiyo. Mzee aliyewakaribisha wakwe kwa kreti za dukani amepata aibu ambayo hawezi hata kuitaja. Lakini kilichowapata kina sababu, na sababu yenyewe naiona kwenye barua yako.

Ni ile namba 18. Binamu yako hakukudanganya. Kwa bia yake ya shayiri, nyuzi 18 ni sawasawa. Ile bia hutiwa chachu ya kununua, nayo huachwa ichache taratibu kwa wiki moja au mbili ili isitoe harufu mbaya. Rubisi haina wiki mbili. Inakamuliwa leo ili inywewe kesho au kesho kutwa, na chachu yake inataka joto la nyuzi 25 hadi 30 ndipo ifanye kazi kwa haraka hiyo. Tena mchanganyiko unapochacha hujitengenezea joto lake. Yako ilipoanza kupata joto, friji likaipoza. Ikapanda tena, ikapozwa tena. Uliizuia, mwanangu, kwa umeme wa kulipia.

Kamachumu iko juu, na usiku wa masika unaujua mwenyewe. Hata Bukoba, kando ya ziwa, usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Baba yangu alikuwa akiamka saa nane za usiku, anaingiza mkono chini ya majani yaliyofunika obwato, anasikiliza kidogo, kisha anaongeza majani au anayapunguza. Nilikuwa mtoto, nikidhani anaiamkia rubisi. Kumbe kidhibiti joto kilikuwa kile kiganja chake.

Jambo la pili hukuliuliza, ila ni zito kuliko la kwanza. Madumu yako yalikuwa mapya, na bila shaka uliyaosha kwa sabuni mpaka yakang'aa. Sisi hatununui chachu. Inatoka kwenye mtama uliosagwa, kwenye maganda ya ndizi, na kwenye mbao za obwato ambazo zimekunywa rubisi miaka na miaka. Ulipouacha mtumbwi uliacha na chachu. Safari ijayo osha dumu, vizuri kabisa, halafu tia kikombe cha mashapo ya rubisi nzuri iliyotangulia. Hamira ya mandazi itachachisha, lakini ladha itakuwa ya mandazi.

Sasa friji lenyewe. Faida yake kubwa kwako ni zile kuta nene zinazohifadhi joto. Wakati wa kuchachisha, zima kabisa upande wa baridi. Weka ndani glopu ya kizamani ya wati 40, ile inayounguza ukiigusa, kwa sababu za kisasa hazitoi joto la maana. Ifunike kwa kopo lililotobolewa, kisha uiunganishe na upande wa joto wa kidhibiti. Sensa usiiache ikining'inia hewani, maana itakupa habari za hewa. Ibandike ubavuni mwa dumu, ifunikwe na kipande cha sponji. Seti nyuzi 27, tofauti nyuzi moja. Umeme ukikatika, friji lililofungwa litatunza joto saa kadhaa.

Waya upitishe kwenye mpira wa mlango. Usitoboe kuta za pembeni, mirija ya gesi huwa imefichwa humo. Na kabla ya kuweka glopu soma kibandiko cha nyuma: kikiwa kimeandikwa R600a, hiyo gesi inawaka moto, kwa hiyo mwite kwanza fundi friji alikague. Vifuniko vya madumu usivikaze. Rubisi inayochacha hutoa hewa nyingi, na dumu lililobanwa hupasuka. Wewe mwenyewe ukifungua mlango, subiri kidogo hewa hiyo itoke kabla ya kuinamia ndani. Na kama friji lina kitasa cha kujifunga king'oe, maana mtoto akijificha humo hatoki.

Baridi itumie rubisi ikishaiva. Mnajua nyote jinsi ya Jumamosi inavyokuwa siki ifikapo Jumatatu. Ikishakolea, ondoa glopu, washa mota, shusha hadi nyuzi 8. Kidhibiti kipe dakika tano za kupumzisha mota kabla haijawaka tena, la sivyo itaungua. Hapo utaongeza siku ambazo tata hakuwa nazo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tangu mnyauko wa migomba ulipoingia nchini kupitia Muleba mwaka 2006, kuna vibanja ambavyo embire zake, ndizi za pombe, zinahesabika, na kila pipa linalomwagwa ni mikungu ambayo haitarudi upesi. Kama yale madumu mawili bado yapo na yameharibika, yamwage. Atakayekushawishi uyachemshe upate gongo anakutafutia kesi.

Limebaki la tata. Usiende na maelezo ya nyuzi. Nenda umwombe akusimamie ukamuaji mmoja: embire zilezile, nyasi zilezile za kukamulia, mtama uleule, nusu iende kwenye obwato na nusu kwenye dumu. Nunua kipimajoto cha kutumbukiza. Tata akifunika mtumbwi kwa mkono wake, wewe andika nyuzi zake kila baada ya saa tatu, usiku pia. Hiyo ndiyo namba ya kuseti kwenye friji, hata ikipingana na 27 yangu. Asubuhi ya pili mpe mrija aonje zote mbili, yeye wa kwanza, kabla ya jirani yeyote. Akisema ya dumu ni mbaya, mwulize imepungukiwa nini, kisha unyamaze umsikilize.

Halafu niandikie tena. Nataka kujua obwato wa tata ulifika nyuzi ngapi saa nane za usiku.