Masika ya mnazi huanza Septemba

Kila mwaka ni yale yale: mvua za Machi zikianza ndipo mkulima wa mwambao anazunguka kutafuta miche ya minazi. Keshachelewa. Mche wa kupandwa masika hulazwa kitaluni sasa, Septemba, kwani nazi haina haraka ya kuota.

Ina sababu. Mnazi husambaa kwa njia ya bahari. Nazi huanguka ufukweni, maji yakaichukua, ikatua penye mchanga mtupu na chumvi. Kwa hiyo husafiri na vyake vyote: ganda la nje halipitishi maji, makumbi yenye hewa huielesha, na nyama na maji ya ndani ni masurufu. Kati ya macho matatu ya kifuu, moja ni laini. Hapo ndipo chipukizi hutokea. Pasua nazi iliyoota, utalikuta joya, lile donge jeupe watoto wanaloligombania. Joya hunyonya nyama ya nazi na kuulisha mche kwa miezi mingi, mpaka mizizi ijitegemee.

Basi usiyaharibu masurufu hayo. Chagua mnazi wenye afya unaozaa vizuri kila mwaka. Acha koroma, chukua nazi iliyokomaa, ukiitikisa maji yacheze. Usiifue. Ilaze ubavu penye kivuli chepesi, ifukie theluthi mbili, mwagilia. Mnazi mrefu huota kwa miezi 3 hadi 4. Zinazowahi kuota ndizo zenye nguvu. Isiyoota baada ya miezi 6, itoe.

Masika yakifika, hamisha mche pamoja na nazi yake, usiikate. Mnazi hauna mzizi mkuu. Mizizi mingi myembamba hutoka shinani na kutawanyika. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tandika makumbi chini yashike unyevu, changanya samadi iliyooza na udongo wa juu. Minazi mirefu ipe mita 9 kwa 9.

Minazi iliyokwisha kukua nayo ina udhaifu wake. Kilele ni kimoja tu: chonga, yule mbawakawa wa minazi, akikila hadi moyoni, mti umekufa. Ondoa magogo yaliyooza na malundo ya taka shambani, ndiko anakozaliana. Shina nalo halizibi kidonda. Vidato vilivyochongwa leo vitabaki miaka yote, vikikaribisha maji na uozo. Mwombe mkwezi atumie kamba au ngazi.

Kitamli, yaani mnazi mfupi, huanza kuzaa kwa miaka 3 au 4, mnazi mrefu 6 au 7, kisha huendelea kuzaa hata miaka 60. Hata kama una nafasi ya mti mmoja uani, laza nazi tatu wiki hii. Machi utachagua mche ulio bora.