Kesi ya Bangi na Mkopo wa Masomo: Mambo ya Kujua

Mwanafunzi wa Kawangware, Kangemi au Kibra akikamatwa na msokoto wa bangi, familia huuliza mapema: je, mkopo wa HELB umekwisha?

Sheria inasemaje?

Sheria ya HELB ya 1995 haimnyimi mwanafunzi mkopo kwa sababu tu amepatikana na hatia ya dawa za kulevya. Wengi huchanganya na Marekani. Huko, sheria ya 1998 ilisimamisha msaada wa masomo kwa waliohukumiwa kwa makosa hayo, lakini kizuizi hicho kiliondolewa kwa sheria iliyopitishwa 2020.

Hatari iko wapi?

Mkopo ni wa aliye masomoni. Akifungwa jela au kufukuzwa chuoni, masomo hukatika na fedha husimama, lakini deni alilokwisha kuchukua hubaki. Tena, hukumu huonekana kwenye cheti cha mwenendo mwema cha polisi, ambacho waajiri wengi hudai. Asiye na kazi atalipaje deni?

Hatua za kuchukua

1. Asikiri kosa ili tu kesi iishe haraka. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili.

2. Asiye na pesa za wakili aombe usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

3. Akipatikana na hatia, katika mahakama ya Kibera, Milimani au kwingineko, aombe ripoti ya afisa wa probesheni itayarishwe kabla ya hukumu. Awe na barua ya chuo inayothibitisha kuwa ni mwanafunzi. Hakimu anaweza kuamuru kifungo cha nje au huduma kwa jamii badala ya jela, naye akaendelea na masomo.

4. Asikwepe kikao cha nidhamu chuoni. Akihitaji muda, aombe kwa maandishi kuahirisha masomo, kisha aiarifu HELB katika jumba la Anniversary Towers, University Way.

5. Aliyezoea dawa na anayetaka kuacha apige 1192, nambari ya NACADA isiyolipiwa.

Wazazi, msimfiche kijana nyumbani wala kumwachisha chuo kwa aibu. Kesi ikishughulikiwa mapema, masomo yanaweza kuokolewa.