Panya Asiye na Kinga Atufundisha Nini?

Mara kwa mara twasikia kwamba ugonjwa fulani wa damu umeponywa katika panya. Wazazi wenye mtoto mgonjwa wa selimundu huipokea habari hiyo kwa shauku, na wengine huuliza papo hapo dawa yapatikana wapi na kwa bei gani. Hatuwalaumu. Lakini yafaa tujue panya huyo ashuhudia nini, na ushahidi wake waishia wapi, tusije tukauziwa tumaini la uongo.

Kwanza tukumbuke kazi ya uboho ulio ndani ya mifupa. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Nyingine huzaliwa katika uboho, na chanzo chake ni chembe chache sana ziitwazo seli shina. Hizo huzaa chembe za damu za kila aina, na pia hujizalisha zenyewe zisiishe. Kama mkulima mwenye busara, ambaye hula sehemu ya mavuno na kuweka nyingine kuwa mbegu.

Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch, waliwapiga panya mionzi ya kuharibu uboho, kisha wakawatia uboho wa panya wazima. Baada ya siku 10 hivi waliona vinundu katika bandama. Mwaka 1963 wao na mwenzao walionyesha kwamba kinundu kizima chaweza kutokana na chembe moja tu.

Kuzipima chembe za wanadamu kulikuwa kugumu zaidi, maana kinga ya panya wa kawaida huziona kuwa ngeni na kuziua. Njia ilifunguka mwaka 1983, Melvin Bosma na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walipoeleza habari za panya waliozaliwa bila majeshi mawili makubwa ya kinga. Mwaka 1988 watafiti wa Toronto waliotesha chembe za uboho wa mwanadamu ndani ya panya wenye upungufu wa namna hiyo. Panya hao hulindwa sana: vizimba, chakula na maji yao husafishwa vijidudu vyote, kwa kuwa hata ugonjwa mdogo waweza kuwaua.

Upimaji wenyewe wahitaji subira. Chembe hutiwa katika mshipa wa panya, na damu yake huchunguzwa kwa majuma mengi, mara nyingi 16. Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu chembe ambazo si shina zaweza kuzaa damu kwa kitambo, kisha zikakoma. Mara nyingine uboho wa panya wa kwanza huhamishiwa kwa wa pili. Damu ya mwanadamu ikizidi kuzaliwa humo pia, hapo twajua kwamba mbegu yenyewe imo.

Ndivyo zilivyopimwa pia chembe za wagonjwa wa selimundu zilizorekebishwa katika asili yake, kabla ya tiba ya namna hiyo kuruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023.

Hata hivyo, panya huyo si mwanadamu. Maisha yake ni kama miaka miwili, nasi twataka damu ya kumtosha mtoto hata uzee wake. Tena mwili wake huziharibu upesi chembe nyekundu za mwanadamu, nazo ndizo zinazougua katika selimundu. Na kwa kuwa hana kinga, hawezi kutuonyesha jinsi mwili wenye kinga utakavyoupokea uboho wa mtu mwingine. Mambo hayo huthibitishwa kwa wagonjwa wenyewe, chini ya uangalizi wa madaktari. Tena tiba hiyo hutanguliwa na dawa kali za kuondoa uboho wa zamani, zenye hatari zake, mojawapo ikiwa utasa.

Basi, tusikiapo habari za panya, tuulize: Je, wanadamu wametibiwa? Wamefuatwa kwa muda gani? Na anayeuza chupa sokoni akisema ina seli shina, tumwepuke. Wakati huohuo mtoto asikose kliniki, kinga ya malaria, wala dawa aliyoandikiwa. Tumaini la kweli haliogopi maswali.